Kikao cha Kumi na Saba: Sosi ya Saladi na Presha Isiyoshuka

Kwa dada yangu Mama Maziwa,

Salamu zikukute umeketi na mgongo umeegemea mahali. Hujambo wewe? Mzazi hajambo, kidonda chake kinapona? Na huyo mgeni wetu mdogo ananyonya na kulala, au amekuja kuwakesheza kama mama yake alivyokukesheza wewe? Sisi huku tunamshukuru Mungu, ni wazima, isipokuwa goti langu la kulia linalojua mvua kabla ya mawingu. Utaratibu wetu unaujua, asiyehudhuria kikao hupelekewa kumbukumbu nzima azisome kana kwamba alikuwepo. Nimekuandikia zote kwa mkono wangu. Usiruke hata kipengele kimoja, tafadhali, hata kile kinachonihusu mimi.

KIKUNDI CHA WENYE PRESHA "TUSHUKE PAMOJA"
KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA KUMI NA SABA

Tarehe: Jumamosi, tarehe 9 mwezi wa tano
Mahali: Zahanati, chumba cha kusubiria wagonjwa
Muda: Kuanzia saa tisa alasiri

WALIOHUDHURIA
1. Mwenyekiti
2. Dereva, mume wa Mwenyekiti: mjumbe
3. Muuguzi Mstaafu: mshauri
4. Fundi Saa: mjumbe
5. Kinyozi: mjumbe
6. Katibu: mwandishi

WASIOHUDHURIA
1. Mama Maziwa: kwa udhuru, anamlea binti aliyejifungua
2. Mpaka Rangi: bila udhuru, kwa mara ya tatu. Kinyozi alieleza kwamba alimwona saa sita juu ya ngazi akipaka ukuta, na alipomkumbusha kikao alijibu kwamba presha yake anaijua mwenyewe.

KUMB. NA. 1/17: KUFUNGUA KIKAO

Kikao kilichelewa dakika ishirini kwa sababu ufunguo wa zahanati ulikuwa kwa mfagiaji na mfagiaji alikuwa kwenye mazishi. Wajumbe walisubiri kwenye ngazi. Katibu aliomba dua fupi akamshukuru Mungu kwa pumzi na akawaombea wagonjwa. Mwenyekiti alifungua kikao, akawaomba wajumbe wasikalie benchi la kushoto kwa kuwa mguu wake mmoja umelegea. Kinyozi alikuwa ameshakaa.

KUMB. NA. 2/17: KUSOMA VIPIMO

Kama kawaida, Muuguzi aliwapima wajumbe mmoja mmoja na vipimo vikasomwa kwa sauti. Fundi Saa ameshuka. Kinyozi amebaki palepale. Katibu ameshuka kidogo, namshukuru Mungu. Mwenyekiti ni mzima kabisa kama siku zote, yeye yumo kikundini kwa ajili ya mume wake.

Dereva alisomewa mia moja sabini na mbili juu, mia moja na mbili chini. Muuguzi alimfunga mkono mara ya pili, na mashine ikarudia yaleyale. Daftari lilifunguliwa nyuma ikaonekana kwamba vipimo vinne vya mwisho ni mia moja hamsini na nane, sitini na moja, sitini na sita, na sasa hii.

Dereva aliomba nafasi ya kusema. Alieleza kwamba daktari wa kampuni atampima tarehe 27 ya mwezi huu, na kipimo cha juu kikizidi mia moja na hamsini atashushwa kwenye lori na kupangiwa kazi getini. Maneno yake yaliandikwa kama yalivyotoka: "Miaka ishirini na sita nimeshika usukani. Leo niwekwe kwenye kibanda, niandike namba za magari ya wenzangu wanaotoka? Bora wanizike mzimamzima." Muuguzi alimwomba asitaje mambo ya kuzikwa mbele ya watu waliotoka kupimwa presha sasa hivi.

Muuguzi alihoji juu ya dawa. Mwenyekiti alitoa pakiti kwenye mkoba, vidonge vikahesabiwa vikaonekana vimemezwa sawasawa. Alihoji juu ya kutembea. Dereva alijibu kwamba anatembea kila jioni mpaka kwenye daraja na kurudi. Alihoji juu ya chakula. Mwenyekiti alijibu kwa niaba ya mume wake kwamba tangu wiki ya kwanza ya mwezi uliopita anakula bakuli zima la saladi mchana na jingine jioni, wala ndani ya nyumba hamna chumvi. Kopo la chumvi amempa jirani, mwaka wa pili huu.

Kinyozi alisema kwamba ikiwa mtu anakula majani na presha inapanda, basi yeye ataendelea na nyama yake kwa amani. Fundi Saa alisema: "Saa ikikimbia usiigombeze mishale. Fungua kifuniko. Kuna kitu ndani." Mwenyekiti alimwuliza kama anamaanisha jambo fulani. Fundi Saa alijibu kwamba anamaanisha saa.

KUMB. NA. 3/17: YATOKANAYO NA KIKAO CHA KUMI NA SITA

Katibu alisoma azimio la kikao kilichopita, kwamba kila atakayeleta sosi ya saladi ataitengeneza mbele ya wajumbe tangu mwanzo, kwa viungo alivyovitoa nyumbani kwake, bila kuficha hata kimoja. Ilikumbushwa kwamba hoja hii ililetwa na Mwenyekiti mwenyewe, baada ya Fundi Saa kuleta chupa ya sosi ambayo Mwenyekiti alisema "imelainika mno kwa mikono ya mwanamume," akihisi imenunuliwa dukani.

Fundi Saa aliomba iandikwe kwamba hajaombwa radhi mpaka leo. Imeandikwa.

KUMB. NA. 4/17: SOSI YA FUNDI SAA

Fundi Saa alitandika gazeti juu ya meza ya kupimia watoto, akapanga vitu vyake kwa mstari kama anavyopanga vipuri. Alikuwa na mafuta ya alizeti, siki, mbegu za haradali alizozisaga mwenyewe, na chupa mbili za jemu zilizooshwa.

Alieleza kwamba kabla ya kuonja anaomba ruhusa ya kuonyesha jambo linalomnyima usingizi. Aliruhusiwa. Alitia vijiko vitatu vya mafuta na kimoja cha siki kwenye chupa ya kwanza, akatikisa kwa nguvu, akaiweka mezani na kutazama saa ya mkononi. Wajumbe wote waliisogelea meza. Mwanzo ilikuwa kitu kimoja, cheupecheupe. Kisha vikaanza kuonekana vidoti, vidoti vikaungana, na baada ya dakika tatu na sekunde arobaini mafuta yalikuwa juu na siki chini kana kwamba hawajawahi kuonana. Kinyozi alisema ndivyo ilivyokuwa kati yake na mke wake wa kwanza, ila wao walifika dakika nne.

Kwenye chupa ya pili Fundi Saa aliongeza nusu kijiko kidogo cha haradali, akatikisa vilevile. Chupa hiyo iliwekwa juu ya dirisha, na mpaka kikao kinafungwa ilikuwa bado haijaachana. Dereva aliuliza haradali inafanya nini humo ndani. Muuguzi alieleza kwa kadiri anavyojua kwamba haradali ina kitu kinachoshika mafuta kwa mkono mmoja na siki kwa mkono wa pili. Alisema ute wa yai nao hufanya kazi hiyohiyo, na ndivyo mayonezi inavyosimama, ila yai bichi kwa watu wa rika letu si la kuchezea. Katibu alikiri kwamba ametikisa sosi miaka mingi bila kujiuliza.

Mwenyekiti aliuliza kwa nini Fundi Saa anajisumbua kusaga mbegu wakati haradali ya kichupa ipo dukani. Fundi Saa alijibu kwamba alisoma maandishi kwenye kichupa akakuta mna chumvi. Mwenyekiti alisema yeye hasomi vichupa, yeye anapika.

Sosi ilionjwa kwa majani ya saladi na matango. Muuguzi aliisifu. Dereva alisema ni safi lakini inamkunja masikio.

KUMB. NA. 5/17: SOSI YA MWENYEKITI

Mwenyekiti alisogeza gazeti la Fundi Saa pembeni, akatandika kitambaa chake. Wajumbe wanakumbuka kwamba sosi hii ndiyo iliyosifiwa katika kikao cha kumi na mbili, na wote waliandikiwa namna ya kuitengeneza.

Alimimina mafuta. Fundi Saa aliuliza vijiko vingapi. Mwenyekiti alijibu: "Baba, sosi haipimwi kwa kijiko, inapimwa kwa jicho. Ndiyo maana yako inakunja watu masikio." Alikamua malimau mawili, akatia asali kidogo, akaponda punje tatu za kitunguu saumu, akapiga kwa uma huku akieleza kwamba siri ya sosi ni mkono usiochoka. Harufu ilijaa chumba kizima. Kinyozi alishika sahani yake mapema.

Ndipo Mwenyekiti, bila kuacha kupiga uma, alipotia mkono wa kushoto mfukoni akatoa vitu viwili vidogo vya mraba vilivyofungwa karatasi ya kumetameta. Alizifungua karatasi kwa meno, akavifikicha kwa vidole juu ya bakuli, akaendelea kupiga.

Mazungumzo yafuatayo yaliandikwa kama yalivyosemwa, kwa amri ya Muuguzi.

Kinyozi: "Mama, hivyo ni nini?"

Mwenyekiti: "Ladha."

Kinyozi: "Ladha gani?"

Mwenyekiti: "Ladha tu. Hujawahi kuona kidonge cha mchuzi? Nyumbani kwako mnapika nini?"

Kinyozi: "Nimekiona. Ila siku ulipotuandikisha hukukitaja."

Mwenyekiti: "Kwani nilitaja sufuria? Nilitaja uma? Kila mtu anaweka ladha yake."

Muuguzi aliomba apewe zile karatasi mbili. Mwenyekiti alizitoa akicheka. Katibu anaandika kwamba alizitoa akicheka, kwa sababu ni haki yake ijulikane hivyo. Hakuwa anaficha kitu.

KUMB. NA. 6/17: KUSOMA KARATASI

Muuguzi aliinyoosha karatasi moja juu ya goti lakini hakuweza kuisoma, maandishi ni madogo kama miguu ya chawa. Alimpa Kinyozi, naye akaipeleka dirishani bila mafanikio. Fundi Saa alitoa lenzi yake ya kazini, akaikaza kwenye jicho, akainama juu ya karatasi kwa muda mrefu. Dereva alimwuliza kama anasoma au anaitengeneza.

Fundi Saa alisoma: "Chumvi." Akaikaza lenzi tena. Kisha akasoma wanga, mafuta, sukari, vitunguu, rangi, na majina mengine ambayo hakuweza kuyatamka.

Muuguzi alieleza kwamba katika maandishi ya namna hii, kinachotangulia kuandikwa ndicho kilichotiwa kwa wingi kuliko vyote. Alikadiria kwamba vidonge viwili vina chumvi karibu ya kujaza kijiko cha chai, na mtu wa presha anayejitahidi anatakiwa aishie hapo kwa siku nzima, pamoja na iliyomo kwenye mkate.

Mwenyekiti aliweka uma chini. Bomba la sinki lilikuwa likidondoka.

Mwenyekiti alisema: "Lakini mimi sitii chumvi." Alisema tena: "Kopo nimempa jirani. Muulizeni jirani." Muuguzi alimjibu kwa upole kwamba anamwamini, wala hakuna haja ya kumwuliza jirani. Kinyozi alisema mchimba kisima huingia mwenyewe, maana kanuni ya kupikia hadharani ni ya nani? Muuguzi alimwambia Kinyozi anyamaze. Kinyozi alinyamaza, na baadaye aliomba iandikwe kwamba alijuta.

Mwenyekiti aliuliza kama ina maana kwamba mikono yake ndiyo iliyompandisha mume wake kutoka hamsini na nane mpaka sabini na mbili. Muuguzi alisema hawezi kuapa, presha ina njia nyingi, lakini kadiri bakuli za saladi zilivyoongezeka ndivyo chumvi ilivyoongezeka, na daftari linaonyesha hivyo.

Mwenyekiti aliinuka akaenda kunawa mikono kwenye chumba cha chai. Alichukua dakika kumi na tano. Fundi Saa alikuwa na saa mkononi lakini hakuitazama.

KUMB. NA. 7/17: MANENO YA DEREVA

Wakati Mwenyekiti hayupo, Dereva alisema maneno ambayo aliomba yaandikwe na asomewe mke wake baadaye, kwa kuwa yeye mbele yake hatayaweza:

"Nilikuwa sijui. Lakini nisiwadanganye, ningejua ningenyamaza. Mimi si mbuzi. Miaka yote nakula barabarani, chipsi na nyama, nyama na chipsi. Huyu mama ndiye aliyenifanya nikaona jani ni chakula. Angenipa majani makavu ningeyatupa dirishani. Kwa hiyo msimwone amekosa. Alikuwa ananivuta nije kwenye majani, na kamba aliyotumia ndiyo hiyo."

Kinyozi alikiri kwamba yeye pia hutia kidonge kimoja kwenye sosi, alijitungia mwenyewe nyumbani kwa kuona ile aliyoandikishwa haikufikia ile aliyoonja. Katibu naye alikiri kwamba hutia kimoja kwenye maharage na wakati mwingine viwili, na alikuwa akijiona mwema. Mungu atusamehe kwa tusiyoyajua.

KUMB. NA. 8/17: OMBI LA KUTOANDIKWA

Mwenyekiti alirudi mikono ya gauni ikiwa imelowa. Kabla ya kukaa aliomba kipengele cha tano na cha sita visiandikwe. Alisema: "Kumbukumbu zinakwenda kwa watu. Mama Maziwa atasoma na wanawe watasoma. Nitaonekana nimemlisha mume wangu sumu kwa kijiko cha fedha."

Katibu aliona tabu, kwa sababu Mwenyekiti ndiye aliyemshika mkono alipofiwa na mume, na hakuna siku amemnyima kitu. Aliomba maoni ya wajumbe.

Muuguzi alisema: "Mwanangu, Mama Maziwa anayo sosi yako. Mpaka Rangi anayo. Labda na wao wamejitafutia ladha kama Kinyozi. Tusipoandika watajuaje?"

Ombi halikupigiwa kura. Mwenyekiti aliliacha hapohapo akauliza: "Basi atakula nini? Kwa sababu ile ya Fundi haili."

KUMB. NA. 9/17: KUTAFUTA LADHA ISIYO CHUMVI

Muuguzi alieleza kwamba ulimi ni kama mtoto aliyezoea kubebwa. Ukimweka chini hulia, lakini baada ya wiki tatu au zaidi huzoea. Dereva alisema wiki tatu hana, ana siku kumi na nane.

Ilikubaliwa kwamba wajumbe watafute hapohapo kwa viungo vilivyopo. Mezani palikuwa na vitu vya Fundi Saa, vya Mwenyekiti, mtindi ambao Muuguzi aliuleta kwa ajili yake mwenyewe, mfuko wa ufuta ambao Kinyozi hutafuna akisubiri wateja, na tangawizi na pilipili manga zilizokutwa chumba cha chai. Kila mjumbe alipewa kikombe cha chai na robo saa.

Muuguzi alichanganya siki na asali. Dereva alionja akasema ni dawa ya kikohozi. Kinyozi alitia tangawizi nyingi hata Dereva akatoka nje, akarudi, akasema anamsamehe. Katibu alitia limau na pilipili manga. Dereva alisema si mbaya, naye Katibu anajua maana ya si mbaya. Fundi Saa alipunguza siki yake kwa nusu. Dereva alisema sasa linakunjwa sikio moja.

Mwenyekiti alikuwa hajachukua kikombe. Alisimama akitazama mfuko wa ufuta. Aliuliza kama jiko la umeme la chumba cha chai linafanya kazi. Alikwenda nao, na baada ya muda harufu ikaja, hata Fundi Saa akainua kichwa. Aliurudisha ukiwa umekaangwa mpaka rangi ya udongo, akauponda kwa kitako cha chupa ya jemu hadi ukaanza kutoa mafuta yake mwenyewe. Hakutia mafuta mengine. Akamimina mtindi, akaponda punje moja ya kitunguu saumu, akakamua nusu limau. Kisha akafanya jambo ambalo wajumbe hawakulitegemea. Alichukua ganda la lile limau lililokwisha kukamuliwa, akalikwangua kwa ncha ya kisu, ile sehemu ya juu yenye rangi peke yake, akavitia vile vipande vidogo ndani. Akamaliza na pilipili manga.

Fundi Saa aliuliza ganda linafanya nini. Mwenyekiti alijibu kwamba hajui, ila alipokuwa ananawa, sabuni ya humo ndani inanuka limau, na harufu hiyo ilimjaza mate mdomoni, akawaza kama harufu peke yake inaweza kutoa mate, basi chumvi inajivunia nini.

Dereva alichovya jani la saladi akala. Akachovya la pili. Alichukua kipande cha tango akafuta nacho kikombe kuanzia chini kuzunguka mpaka juu.

Muuguzi aliuliza: "Vipi?"

Dereva alisema: "Hii ya nani?" ingawa alimwona akiitengeneza.

Mwenyekiti alisema: "Ya mke wako asiyesoma karatasi."

Dereva alisema: "Basi mwambie nitaila."

Fundi Saa aliomba vipimo viandikwe kabla Mwenyekiti hajarudia mambo ya jicho. Safari hii Mwenyekiti alikubali. Ni hivi: mtindi usiotiwa kitu, vijiko sita vya mezani, ufuta uliokaangwa na kupondwa ungali na joto, vijiko viwili, maji ya nusu limau, ganda la nusu limau, sehemu ya rangi tu, maana ile nyeupe ni chungu, kitunguu saumu punje moja, pilipili manga upendavyo. Ikiwa nzito, maji kijiko kimoja. Chumvi hakuna, na kidonge hakuna.

Ilijadiliwa kwa nini uchachu na harufu huufanya ulimi usiitafute chumvi. Muuguzi alisema kwamba uchachu huuamsha ulimi lakini zaidi ya hapo hajasoma. Fundi Saa aliahidi kuchunguza. Kinyozi alionya kwamba Fundi Saa akianza kuchunguza, saa za watu zitalala kabatini mpaka mwakani.

KUMB. NA. 10/17: MENGINEYO

Benchi la kushoto lilivunjika Kinyozi alipoinuka. Hakuumia. Dereva aliahidi kulipigilia misumari.

Mwenyekiti alimwambia Fundi Saa kwamba lenzi yake ni nzuri. Fundi Saa aliuliza kama hiyo ndiyo radhi. Mwenyekiti alisema wajumbe waendelee na ajenda. Fundi Saa alisema ataipokea hivyohivyo.

Iliazimiwa kwamba kila mjumbe alete kikao kijacho karatasi, kopo na chupa zote za viungo zilizomo jikoni mwake, zisomwe kwa lenzi.

KUMB. NA. 11/17: KUFUNGA KIKAO

Kinyozi aliombwa kufunga kwa dua. Alimwomba Mungu atushushe sote, kisha akarekebisha kwamba anamaanisha presha. Kikao kilifungwa saa kumi na moja na dakika arobaini jioni.

Katibu: amesaini, tarehe 10 mwezi wa tano

Mwenyekiti: amesaini, tarehe 18 mwezi wa tano

Kwa mwandiko wa Mwenyekiti: "Nimesoma. Ni kweli yote. Kipengele cha tano kiongezwe: vilikuwa viwili mchana na viwili jioni."

Dada yangu, umeona mwenyewe tarehe mbili za sahihi. Nilimpelekea Jumapili hakusaini. Nilirudi Jumanne akaniambia ana ugeni, na mgeni sikumwona. Sikumsukuma. Nilimwombea tu. Leo Jumatatu asubuhi amekuja mwenyewe, amekaa jikoni kwangu, akasoma taratibu kwa kidole mpaka maneno ya mume wake. Hapo alisimama akasoma mara mbili, akaomba kalamu. Hiyo nyongeza aliiandika bila kusita. Mimi ndiye niliyeshtuka, maana hilo la jioni hakuna aliyekuwa amemwuliza.

Sasa sikiliza. Jana Muuguzi alimpima Dereva nyumbani kwao. Mia moja hamsini na sita. Amebakiza sita tu, na siku ni tisa. Lakini Ijumaa hii anatoka na lori, siku nne njiani. Ndani ya lori hamna friji, na kule mbele kwenye injini joto lake unaweza kuchemshia yai. Amesema wazi kwamba majani atayapata njiani, ila bila sosi hayatapita kooni, atarudi kwenye nyama na chipsi zake. Mwenyekiti anataka kumfungia chupa na anaogopa mtindi utaharibika umtie tumbo. Muuguzi hana uhakika. Fundi Saa ameweka chupa tatu kwenye dirisha la kibanda chake, moja juani, moja kivulini, moja imefungwa kitambaa kibichi, na ya juani imeanza kutoa povu siku ya pili. Hizo mbili hatuziamini wala hatuzikatai.

Wewe umeshika maziwa tangu usichana wako. Tuambie mtindi uliochanganywa na kitunguu saumu na limau unakaa siku ngapi bila friji. Je, tuuchuje maji kwanza uwe mzito? Au tumpe ufuta mkavu na ganda la limau kwenye karatasi, mtindi anunue mbichi kila anapolala? Na jikoni kwako nako, kama umekuwa ukitia kile kidonge, kitoe leo.

Simu yako nimeipiga mara nne haipatikani, ndiyo maana nimempa shemeji yako, mdogo wa marehemu mume wangu, barua hii. Atalala huko usiku mmoja na kurudi Alhamisi asubuhi. Tafadhali mpe jibu, hata mistari miwili, asirudi mikono mitupu. Nakuomba unijibu haraka.

Ni mimi dada yako,
Katibu